Ukuta wa Madamu Kofia

Harufu ya shuka lililokaukia juani bado inanishinda nguvu. Juzi mke wa mwanangu alianua nguo haraka kabla ya mvua, akanitupia shuka mapajani nimsaidie kukunja, na kabla sijashika pembe zake nilikuwa nimeshalipeleka puani. Akaniuliza, "Maman, iko chafu?" Nikamwambia hapana, iko safi, acha tu. Sikuweza kumweleza papo hapo kwamba nilikuwa nimemwona mama yangu, amepandisha kikwembe hadi magotini, amesimama katika maji ya ziwa Kivu, anapiga shuka la wageni juu ya jiwe kana kwamba shuka hilo limemtukana.

Ninyi mliokua Bukavu siku zile za Wabelgiji mtakumbuka jinsi mji ulivyoanza kujipamba. Ulikuwa mji mdogo tu, umekaa juu ya ndimi za ardhi zinazoingia ziwani. Kisha wazungu wakajua kwamba ziwa letu halina mamba, kwamba jua lake halichomi, na kwamba jioni mtu anaweza kuvaa sweta kama kwao. Wakaanza kuja kupumzika. Walitoka Léopoldville, walitoka Elisabethville, wengine walipanda milima kwa gari kutoka Usumbura. Nyumba nyeupe zikaota kando ya maji, mbele ya kila nyumba ngazi, na mwisho wa ngazi mashua yenye tanga. Jumapili walivutwa na motaboti, wamesimama wima juu ya mbao mbili, na sisi watoto wa Kadutu, mtaa wa watu weusi, tulikaa juu ya kilima tukingoja waanguke. Mmoja akianguka, kilima kizima kilishangilia.

Wakubwa walisema wageni hao wanakuja kubadilisha hewa. Mimi nilielewa kama ilivyosemwa: kwamba wanakuja na hewa yao iliyochoka, wanaiacha kwetu, wanaondoka na mpya. Kwa muda mrefu kila gari la wageni lilipopita nilifunga pua kwa vidole. Mama alidhani nina mafua.

Mama alikuwa dobi wa oteli. Si peke yake. Walikuwa kundi la wanawake wa mtaa wetu, na mahali pao pa kazi palikuwa ghuba ndogo iliyojificha nyuma ya mikaratusi, penye mawe mapana yaliyolala majini. Sisi tulipaita Ku Mawe, na hatukuwahi kufikiri kwamba panaweza kuwa na jina jingine. Asubuhi wanawake walishuka na vikapu vya mashuka vichwani, wakiongea kwa sauti tangu juu hadi chini. Walifua, walisuuza, walitia rangi ya bluu kidogo ili weupe uzidi, kisha wakatandaza mashuka juu ya majani mteremko mzima. Ukiwa ng'ambo ya ghuba ungesema barafu imeanguka. Sisi watoto tulioga, tulipigana na maji, tulikula viazi vilivyochomwa kwenye makaa ya pasi. Nikiwa pale sikujua kama sisi ni maskini. Nilidhani ziwa lote limewekwa ili Mama apate mahali pa kufulia.

Mwenye oteli alikuwa mzungu mwanamke mjane, mwembamba, mwenye kofia ya majani yenye ukingo mpana kama ungo. Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Aliitwa Madamu Kofia. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana ovyo. Alikuwa mtu wa haraka. Alitaka mashuka yawe meupe, supu iwe ya moto, na ziwa lionekane vizuri kutoka kwenye kila dirisha. Na wageni walipoongezeka, alianza kuona kwamba katika picha hiyo nzuri kuna kitu kinachomsumbua: wanawake weusi waliopandisha vikwembe, wakicheka kwa sauti Ku Mawe.

Hapo ndipo Papa, baba yangu, alipoingia katika mambo haya, maskini.

Papa alikuwa mwashi. Mikono yake ilikuwa migumu kama jiwe alilolipasua, lakini mdomo wake ulikuwa mpole. Madamu alimwita, akamwambia anataka ukuta wa bustani. Papa akafurahi, maana kazi ya mawe aliipenda kuliko ya matofali. Akaanza upande wa barabara. Ukuta ulipanda vizuri, mawe meusi ya volkano yamefungwa kwa saruji nyeupe, kila mtu aliyepita alisimama kuutazama. Kisha Madamu akamwonyesha uelekee wapi. Uliteremka kupitia mikaratusi, ukakata njia ya wanawake, ukaingia hadi ndani ya maji.

Jioni hiyo tulikuwa tunakula bugali na mboga ya lenga-lenga, ule mchicha wetu. Papa hakugusa sahani.

"Bibi yangu," alisema, "ile ukuta inapita Ku Mawe."

Mama aliendelea kumega bugali. "Inapita karibu?"

"Inafunga."

Mama akatua tonge. Nakumbuka kwamba hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu Mama alipaza sauti hata akisalimia.

"Na ulimuambia nini?"

"Nimuambie nini? Nikiacha, ataleta mwingine. Kesho ukuta itasimama tu, na mimi nitakuwa nimekaa."

Mama akamtazama. "Basi jenga," akasema. "Jenga muzuri. Ili nikiiona kila siku nijue ni mukono ya bwana yangu."

Papa akajenga. Akajenga vizuri, kwa sababu hakujua kujenga vibaya. Lakini alipomaliza hakuusifu, na watu waliposimama kuutazama aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Madamu Kofia aliwaambia wanawake wakafue katika kijito cha Kawa, huku juu kwetu. "Mayi ni mayi," alisema, akapungia mkono kama mtu anayefukuza nzi. Lakini maji ya Kawa, hasa wakati wa mvua, yalikuwa mekundu kwa udongo wa watengeneza matofali. Kwa hiyo Mama na wenzake wakatafuta pengine. Walizunguka mji mzima hadi ufuko mwingine wa ziwa, mbali, ambako hapakuwa na jiwe hata moja, wakachota maji kwa ndoo na madebe, wakapanda nayo mlima hadi nyumbani, wakafulia uani. Walifanya hivyo ili mashuka yasipoteze weupe. Mama alirudi shingo imekakamaa. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani kwa uangalifu, kama mtu anayegeuza kitu kinachoweza kuvunjika. Kule otelini hakuna aliyejua lolote. Mashuka yalifika meupe kama zamani.

Mwisho wa ukuta, mahali watu wote waliweza kuona, walisimamisha ubao wenye maandishi ya Kifaransa: PLAGE RÉSERVÉE.

Mimi nilikuwa shuleni kwa masista, nimeanza kusoma herufi, na nilijivuna nazo sana. Plage nililijua, ni ufuko, pale wazungu walipolala juani. Lakini Réservé lilinipiga moyo, kwa sababu jina hilo nilikuwa nimekutana nalo kila mahali. Lilikuwa limeandikwa kwenye viti vya mbele kanisani. Lilikuwa kwenye benchi zuri kando ya ziwa. Lilikuwa mlangoni mwa sinema. Ni neno la Kifaransa tu, maana yake mahali pametengwa kwa ajili ya watu fulani, lakini hakuna aliyekuwa ameniambia. Mimi nilijua wazi kwamba Bwana Réservé ni tajiri wa Bukavu, pengine kuliko gavana. Nilimwona kabisa akilini: mnene, mwenye ndevu, na mwenye uchovu, kwa sababu ana viti vingi na hawezi kuvikalia vyote. Sasa amenunua Ku Mawe. Na niliona, kama mtoto anavyoona, kwamba mtu mwenye vingi hivyo hawezi kukosa kuelewa akielezwa kwa adabu.

Siku moja Mama alinichukua kwenda kurudisha mashuka. Tuliingia kwa mlango wa jikoni, kama siku zote. Alipokuwa anakabidhi vikapu, mimi nilipita kati ya mapipa, nikapanda ngazi, nikatokea barazani upande wa ziwa. Lo! Meza zenye vitambaa, glasi zinazometameta, wanawake wenye mabega wazi, na harufu ya mafuta waliyojipaka ili jua liwabadilishe rangi. Nilisimama wima kama darasani, nikafunga mikono nyuma, nikasema Kifaransa changu nilichokuwa nimekipanga njia nzima: kwamba tafadhali, ninamtafuta Bwana Réservé.

Kisha mwanamke mmoja akaniuliza ninamtafutia nini. Nikasema, anisamehe, ni kwa sababu ya mahali pa Mama pa kufulia.

Kicheko kilianzia meza ile kikasambaa kama maziwa yaliyomwagika. Walicheka hadi wakafuta macho. Mwanamume aliyevaa kaptula akanyanyua glasi yake, akazungusha mkono kuonyesha meza zote. "Réservé, c'est nous tous!" akasema. Ni sisi sote.

Nikawatazama mmoja mmoja. Hapakuwa na mtu mnene mwenye ndevu. Hapakuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Walikuwa wengi, na wote walikuwa na uso uleule wa kufurahi.

Nilirudi jikoni nikamkuta Mama amenyanyua kikapu kitupu. Nikamweleza yote, hadi la glasi. Nilitegemea kofi, au naye acheke. Hakufanya hata moja.

"Balicheka?" akauliza.

"Ndiyo."

"Bote?"

"Bote, Mama."

Akakiweka kikapu chini. Akakaa juu yake pale pale uani mwa oteli, jambo ambalo dobi hakuruhusiwa kufanya, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, kwa nguvu. Kisha akanishika mkono tukapanda Kadutu, na njia nzima mkono wake ulikuwa wa moto.

Kesho yake wanawake walijaa nyumbani kwetu. Nilikaa chini ya meza nikisikiliza.

"Munajua ju ya nini Madamu hasikii uchungu ya ile ukuta?" Mama aliuliza. "Ni kwa sababu siye njo tunaibeba. Kila siku tunaibeba ku kichwa, pamoja na mayi. Yeye analala ku drap nyeupe, anasema: ukuta iko muzuri, haina matata."

"Sasa tufanye je?" mmoja akauliza.

"Tumusikie. Alisema tufue ku Kawa. Tutafua ku Kawa. Na sabuni, na nguvu yetu yote, bila kuiba kazi. Paka vile alisema, vile vile tu."

Mtu mmoja akaanza kucheka polepole, halafu wote. Ila Mama Cito. Mama Cito alikuwa mjane, amekuja kutoka Walungu na mtoto mgongoni, na mwanamke asiye na mume aliishi mjini kwa ruhusa tu; ikifutwa, serikali ilimpakia kwenye lori ikamrudisha kijijini.

"Ninyi muko na mabwana," alisema. "Mimi banaweza kunirudisha. Nitalala wapi?"

Hakuna aliyemlaumu. Mama akasogea akakaa karibu naye. "Kama banakuja kukuchukua, banatuchukua sote. Mimi nitakuwa wa kwanza kupanda mu camion. Nasema mbele ya bwana yangu."

Papa alikuwa mlangoni, mgongo umetugeukia. Hakugeuka. Lakini alisema, "Na mimi wa pili."

Ilikuwa wakati wa sikukuu kubwa ya mashua. Oteli ilikuwa inangoja wageni kila chumba, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Wanawake waliteremka Kawa na mashuka yote. Walifua! Sijapata kuona mashuka yakifuliwa kwa bidii kama ile. Walisugua, wakapiga, wakasuuza, wakaimba. Mashuka yakatoka yana rangi ya chai ya maziwa. Yakakaushwa, yakapigwa pasi, yakakunjwa sawasawa, pembe kwa pembe, yakapelekwa.

Madamu Kofia alifungua la kwanza pale mlangoni mwa jikoni. Akafungua la pili. Kofia ilianza kutetemeka.

"Hii nini hii? Hii drap ya mutu ao ya nguruwe?"

"Ni ya mayi ya Kawa, Madamu," Mama alijibu. "Ulisema mayi ni mayi."

"Rudisha! Fua tena!"

"Tutafua tena. Ku Kawa."

Akapiga kelele, akasema ataita polisi, akasema madobi wako wengi Bukavu, atapata wengine kabla ya jua kutua. Mama alimwacha amalize. Kisha akasema kwa upole, "Uite, Madamu. Bale wengine tulisha kuongea nao. Bote njo siye." Wote ndio sisi.

"Munataka nini?"

"Mulango mu ukuta. Na ngazi ya kushuka."

"Jamais!" Kamwe.

Wanawake wakaweka vikapu chini, wakaondoka kwa mstari. Mama Cito alikuwa wa mbele. Yeye aliyeogopa kurudishwa, ndiye alikuwa wa mbele.

Yaliyotokea otelini siku iliyofuata tuliyasikia kwa wapishi, na nadhani hadi leo wanaendelea kuyasimulia huko waliko. Madamu aliwaamrisha watumishi wafulie ndani ya mabafu. Mabomba yakaishiwa maji. Mashuka machache yaliyofuliwa yakaning'inizwa katika korido, na kwa mvua ile hayakukauka; wageni walipita chini yake wakidondokewa maji kwenye kola. Bibi mmoja aliyetoka Elisabethville alipewa shuka la Kawa, akatoka chumbani nalo mkononi, akauliza mbele ya watu kama hapa ndipo pale mahali pazuri alipoambiwa.

Mchana, tukasikia gari likipanda Kadutu.

Gari la mzungu lilipopanda kwetu, kwa kawaida lilikuwa la polisi au la padri. Watu wakatoka nje. Mama Cito alimshika mtoto wake akamkumbatia. Lakini aliyeshuka alikuwa Madamu Kofia, peke yake, viatu vyeupe ndani ya matope, anauliza nyumba kwa nyumba mahali anapokaa mama yangu. Kila aliyeulizwa alimwonyesha kwa adabu sana, na akamfuata nyuma, hivi kwamba alipofika kwetu alikuwa na msafara kama wa harusi.

Mama alikuwa ananisuka nywele, mimi nimekaa kati ya magoti yake. Nilitaka kuinuka. Akanibana.

"Bonjour," Madamu akasema.

"Bonjour, Madamu. Ngoja kidogo. Niko namalizia kichwa ya mutoto."

Na akamalizia. Mtaa wote ulisimama pale, na mzungu katikati ya matope, wakimngoja mama yangu agawe nywele, asuke, afunge. Mikono yake haikuharakisha hata mstari mmoja. Mimi niliyekuwa na kichwa chini ya mikono hiyo naweza kuwaambia. Hakuna kilemba wala taji nililovaa maishani lililonikaa kama mistari ile ya nywele.

Alipomaliza akapangusa mapaja, akasimama.

"Mulango," Madamu alisema. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Sawa. Mutakuwa na mulango. Leo mufue."

"Mulango kwanza."

"Leo? Nitapata wapi fundi leo?"

Watu wote wakageuka kwa pamoja kumtazama Papa. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na nyundo kubwa begani na sururu mkononi. Uso wake sikuwa nimeuona hivyo tangu siku alipoweka jiwe la kwanza upande wa barabara.

"Fundi iko hapa," akasema.

Tukashuka. Gari la Madamu likatangulia polepole na nyuma yake Kadutu nzima: wanawake na vikapu, watoto, wazee, hata mwuza makaa aliacha magunia yake. Wageni walitoka barazani wakiwa na glasi mkononi kutazama. Mvua ilikuwa imekatika na ziwa limelala kama bati jipya. Papa alitembeza kiganja juu ya mawe yake, akatafuta mahali njia ilipokuwa inapita, akatema mate mikononi. Pigo la kwanza halikufanya kitu. Nilisema alijenga vizuri. La pili likatoa vumbi. Halafu jiwe moja likasogea, likaanguka upande wa pili, tukasikia likitumbukia majini, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyogonga ulimi wa ardhi wa ng'ambo na kurudi.

Alivunja huku anaimba. Papa yangu, ambaye hakuimba hata kanisani. Jasho lilimchirizika, vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi, na kila jiwe lililoanguka alilitaja kama mtu anayemfukuza mwizi: toka, toka, toka! Tundu lilipokuwa la kumpitisha mtu, akaweka nyundo chini, akamgeukia Mama.

"Bibi yangu, angalia. Inatosha?"

Mama akasogea. Akanyanyua kikapu kikubwa kuliko vyote, kile cha Mama Cito, akakiweka kichwani, akasimama mbele ya tundu akilipima kwa macho. Ng'ambo ya tundu ziwa lilikuwa linaonekana, na mawe yetu yakiwa na maji juu yake. Madamu alishika ukingo wa kofia yake.

"Hapana," Mama akasema. "Siye tunashukaka tukiongea. Tunapita wawili wawili. Ongeza."

Papa akacheka, akaokota nyundo, akaongeza.